Kampuni ya kuhamisha vitu, Sinza mpaka Goba: vijana wa kufunga nawapa tano, gari na ofisi nawapa moja

Naleta mrejesho wa wale jamaa wa kuhamisha vitu nyumba kwa nyumba, maana watu wengi mmeniuliza pembeni kama ile hela inastahili au ni bora mtu achukue kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pale kijiweni na vijana wawili watatu amalize kazi. Jina la kampuni siliweki, tumeshamalizana na sitaki kugusa riziki ya mtu, ila kila kilichotokea ntakisema kama kilivyokuwa, na mabaya yapo ya kutosha. Kwa kifupi kufunga vitu nyota tano na kama kungekuwa na ya sita ningetoa, usafiri nyota moja, ofisi yao nyota moja. Ukichanganya unapata kama mbili na kitu hivi, ila hiyo mbili haikusaidii chochote kama hujui ni wapi wazuri na ni wapi watakuacha kwenye mataa, kwahiyo someni mpaka chini.

Kwanza kwa nini sikuchukua kirikuu. Tulikuwa Sinza, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba zile za kupishana kwa ubavu, tunahamia Goba nyumba ya chini yenye uwanja. Mimi, baba watoto, watoto, dada wa kazi na vitu vya miaka yote hiyo. Alafu mi napika keki za oda nyumbani, kwahiyo kuna oveni kubwa, kuna miksa, kuna friza lile la kufungulia juu, na kuna friji la milango miwili ambalo ndo limebeba biashara yenyewe, likifa hilo watoto hawaendi shule. Kirikuu nilitajiwa kati ya 60,000 na 80,000 kwa safari moja na safari moja haitoshi, bado vijana wa kupakia wanataka chao huku, wa kushusha wanataka chao kule, na ukifika kitanda hakuna wa kukifunga. Mdogo wangu alihama hivo hivo kutoka Mwananyamala kwenda Kigamboni, kabati limefika mgongo na ubavu vimeachana, ukimuuliza dereva anakwambia mi naendesha tu dada, waliopakia ni vijana wako. Vijana wenyewe wameshalipwa wamebaki Mwananyamala. Hapo unamdai nani?

Na msidhani hela ilikuwa imekaa tu. Nyumba ilishatumaliza, kodi ya miezi sita mbele, dalali mwezi wake mmoja, ukiacha zile za kuonyeshwa nyumba elfu kumi kumi unazotoa kila unapozungushwa, hata ile ambayo ukifika getini unaambiwa imechukuliwa jana. Lakini tulikaa na baba watoto tukasema bora tulipe sehemu moja, mtu mmoja awajibike kwa kila kitu. Hiyo ndo ilikuwa sababu yetu kubwa, na ndo maana kilichofuata kiliniuma.

Bei ilikuwa 480,000. Ndani yake maboksi na nailoni, vijana wa kufunga siku moja kabla, Canter, kupakia, kushusha, na kufunga vitanda na makabati kule tunakoenda. Nusu advansi, nusu mkimaliza kushusha. Hawakuja kuona nyumba, wakasema tuma video kwa WhatsApp inatosha. Nikatuma video ya kila chumba mpaka stoo na kibaraza, nikatuma na video ya njia ya Goba kuanzia lami mpaka getini kwetu, nimeirekodi nikiwa ndani ya bajaji, kalavati linaonekana, mlima unaonekana, waya za umeme zilivyolegea zinaonekana, na lokesheni nikaweka. Dada wa ofisini akajibu "Tumepokea mpendwa, Canter inaingia vizuri kabisa." Hiyo meseji ikumbukeni.

Sasa tuje kwenye kufunga. Jamani.

Walikuja Ijumaa asubuhi muda ule ule waliosema, tisheti safi, viatu wakavua mlangoni bila kuambiwa. Kiongozi wao ni kijana mfupi mtaratibu, wenzake wanamwita fundi, kaingia, shikamoo mama, kaomba azunguke chumba kwa chumba kabla hajagusa kitu. Kafika jikoni kafungua friji, kaniambia mama hili tulizime sasa hivi, tusisubiri usiku, barafu iyeyuke ndani pakauke, maana likipanda na maji yake kesho linamwagia magodoro na mbao za vitanda zinavimba. Friza hivo hivo. Siagi na krimu za oda ya Jumapili nikazishusha kwa jirani wa chini akanihifadhia.

Vyombo ndo nilisimama nikamwangalia tu. Sahani hailazwi. Anaisimamisha kwa ukingo kama vitabu kwenye shelfu, kila moja imevikwa gazeti, katikati kipande cha boksi, chini kabisa katandika mataulo yangu ya jikoni. Nikamuuliza mbona huzilazi zikae nyingi, akasema mama sahani ikilala uzito wa zote za juu unaishia kwa ile ya chini, gari likiingia shimoni ya chini inapasuka na wewe ukifungua boksi unaona ya juu ni nzima, unadhani umepona. Ikisimama kila moja inabeba uzito wake. Glasi mdomo chini, tumboni kajaza karatasi. Kila boksi linaandikwa kwa maka peni, tena ubavuni sio juu, JIKONI VIOO, JIKONI SUFURIA, WATOTO SHULE, STOO. Kwa sababu ukiandika juu, likishawekewa boksi jingine huoni tena kitu. Siku ya kufika, na giza lile ntakaloelezea, maandishi ya ubavuni ndo yalitufanya tupate shuka na sufuria bila kufumua nyumba nzima.

TV kabla ya kuchomoa nyaya akaniambia mama zipige picha na simu yako ubaki nazo. Skrubu za kila kitanda zikaingia kwenye kimfuko cha nailoni, kimfuko kikabandikwa na selotepu kwenye ubao wa kitanda hicho hicho, sio kwenye boksi moja la skrubu zote mkafike mnagombana ipi ya nani. Mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, akauliza kama tuna zile bolti ndefu zilizokuja nayo dukani. Baba watoto alizitunza kwenye droo pamoja na warranti, basi fundi akazirudisha nyuma ya mashine akazikaza na spana. Kama hujui kazi yake, lile pipa la ndani linaning'inia kwenye springi, hizo bolti zinalishika lisirukeruke njiani, bila hivo unafika unaiwasha inatembea nyumba nzima. Mtungi wa gesi kafunga valvu, regulata kaitoa kaiweka kwenye boksi lake, mtungi wenyewe kaubandika karatasi USILAZWE. Kioo cha mlango wa oveni kikapata ubao wa boksi mbele na nyuma.

Nimezaliwa na kukulia hapa Dar na nimeshaona watu wengi wakihama, sijawahi kuona mtu anashika vitu vya mwenzake kwa heshima ile. Jioni walivyoondoka nyumba ni maboksi tupu yamepangwa ukutani, nilimwambia baba watoto hawa tunawapa na ya juu.

Ikaja Jumamosi.

Makubaliano gari saa mbili asubuhi. Saa mbili hamna gari. Saa tatu napiga, gari lipo njiani mpendwa. Saa nne, lipo njiani mpendwa. Saa tano simu inaita mpaka inakata. Vijana wa kufunga walishafika kitambo wamekaa kwenye ngazi, na wao wamenuna maana hata wao hawaambiwi kitu. Mwenye nyumba wa Sinza anataka funguo zake, mpangaji mpya kashatuma fundi rangi, fundi rangi kaja na ndoo zake kakaa koridoni anasubiri tutoke aanze kazi. Watoto hawana pa kukaa, viti vimeshafungwa. Gari limefika saa sita na nusu mchana, na sio Canter. Ni Fuso, ile kubwa ya mchanga na tofali, bodi la chuma, sakafuni vumbi la simenti na vipande vya tofali. Konda ndo akanipa ukweli, mwisho wa mwezi kazi ni nyingi, wamechukua wateja wawili siku moja, Canter imeenda Mbagala kwa mwingine, hii Fuso imekodiwa mtaani asubuhi ile ile.

Nikamwambia dereva kaka hii haiingii ninakoenda. Akasema dada toa wasiwasi, hii gari inapanda mpaka Uluguru.

Vijana walifagia lile bodi, wakatandika maboksi chini, wakapakia kwa akili, vizito mbele, friji na friza wima zimebanwa na sofa, vioo katikati ya magodoro. Kupakia sina neno. Ila tumetoka Sinza saa tisa imeshapita, na anayeijua Barabara ya Bagamoyo na huu ujenzi wa mwendokasi anajua Jumamosi jioni panakuwaje, Mwenge unasimama, Lugalo unasimama, kila mtu anatafuta upenyo kwenye njia iliyobaki. Kama gari lingefika saa mbili asubuhi, muda huo tungekuwa Goba tunakunywa chai. Hili la muda watu wanaliona dogo lakini kwenye kuhama ndo kila kitu, masaa manne na nusu waliyotuchelewesha ndo yaliyoleta foleni, foleni ikaleta mvua, mvua ikaleta tope, tope likaleta yote yaliyobaki.

Maana tunafika Tangi Bovu mvua hiyo. Mwezi wa kumi na moja huu, vuli, hata mtoto anajua itanyesha, na mtu ambaye kazi yake ni kubeba magodoro ya watu anatakiwa ajue kuliko wote. Turubai wanalo, limejaa matundu. Kilichotuokoa ni wale vijana, godoro kila moja walishalivika nailoni nzito na kuziba kona zote Ijumaa ile, walilowa wao juu ya mzigo wanashikilia turubai kwa mikono, magodoro yamefika makavu. Hapa ndo nasema hii kampuni ni kama ina watu wa aina mbili ambao hawajuani.

Tumeacha lami, dereva kafika kwenye kalavati kasimama. Kashuka, kaangalia waya, kaangalia ule mlima ulivyogeuka tope jekundu, karudi. "Hapa siingii dada." Nikamwambia kaka nilikuambia tangu Sinza. Akasema mimi nimekodiwa Sinza mpaka Goba na hapa ni Goba, nashusha hapa au narudi na mzigo. Sikumlaumu sana yeye, kusema kweli, kaambiwa Goba kaja Goba, hakuonyeshwa video yangu wala hakupewa lokesheni mpaka alipofika Tangi Bovu.

Pale kona kuna mama ana genge la mboga, pembeni fremu zina baraza. Alivyoona watoto wamejikunyata kwenye mvua akasema leteni vitu barazani mwanangu, mtalipana na kampuni yenu baadae. Hatujuani hata kwa sura, kavuta ndoo zake za nyanya na vitunguu, katupisha. Ndo tukashusha vitu vyote pale, maisha yetu yote yamesimama barazani, watu wakitoka kazini wanapita wanatupa pole.

Nikapiga ofisini.

"Dada, gari lenu limetushusha barabarani na mvua inanyesha."

"Pole sana mpendwa. Njia ikiwa mbovu hiyo ipo nje ya makubaliano, mteja anatafuta gari dogo la kuingizia."

"Njia niliwatumia video."

"Video tunapokea nyingi mpendwa."

"Na ukanijibu Canter inaingia vizuri kabisa. Nakurushia meseji yako mwenyewe sasa hivi uisome."

Kimya. "Ngoja niongee na bosi."

Bosi hakupiga. Nikarusha picha ya ile meseji, nikarusha na picha ya Fuso kwenye kalavati, tiki za bluu zinaonekana, jibu hamna. Baba watoto sio mtu wa maneno, alichukua simu akampigia yule dada akamwambia taratibu kabisa, mwanangu mwambie bosi wako 240,000 yake ninayo hapa mfukoni, itatoka kijiko cha mwisho kikiwa ndani ya nyumba. Haikupita muda bosi kapiga mwenyewe, sauti imelainika, akakubali kirikuu na guta, ile ya matairi matatu ya kubebea mizigo, walipie wao. Kwahiyo jamani nusu ya mwisho msiitoe kabla, hata mtu awe na kurasa nzuri Instagram kiasi gani, hata akuambie mfumo wao ndo ulivyo. Ile hela iliyobaki mfukoni ilifanya kazi ambayo mkataba haukuweza. Na kila kitu kiwe kwa maandishi, wangeniambia yale maneno kwa mdomo ningebaki na nani.

Kirikuu zikatafutwa pale Goba njia nne, na hapa ndo likatokea la friji. Hawa vijana wa kirikuu sio wa kampuni, wenyewe wanataka wapakie haraka wakachukue kichwa kingine. Nageuka naona friji langu limelazwa chali juu ya kochi, limepigwa kamba, na juu yake wameanza kuweka viti vya plastiki. Nilipiga kelele mpaka wateja wa genge wakageuka. Fundi kaja mbio, kapanda, kakata kamba, kalisimamisha na mwenzake, lakini lilikuwa limelala muda wote ambao mimi nilikuwa kwenye simu na ofisi.

Hili nalieleza vizuri kwa sababu watu wengi wanapoteza mafriji hapa. Kwenye kompresa kuna oili. Ukililaza friji oili inatambaa inaingia kwenye mabomba ya gesi, ukiliwasha hapo hapo kompresa inazunguka bila oili yake na ndo inaungua. Kinacholiua hasa ni ile haraka ya kuliwasha. Nilimpigia fundi wangu wa friji nikiwa pale pale barabarani, akasema lipelekeni litakapokaa, lisimame, msiliguse mpaka kesho asubuhi. Dereva wa kirikuu alivyolishusha anataka tuliwashe tuone kama zima, eti tusije kumsingizia. Nikakunja ule waya nikaubandika na selotepu mgongoni mwa friji ili mtu asijaribu. Jumapili asubuhi likawashwa, likanguruma, likatulia, mpaka leo linagandisha. Keki ya oda nayo ilitoka, krimu ilikuwa bado Sinza kwa jirani, ikaja na boda.

La LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, sio kosa la kampuni ila litamkuta yeyote anayehamia nyumba iliyokaa tupu, kwahiyo naliweka. Tumeingia giza totoro. Mita ipo juu ya nguzo nje, ndani unabaki na kile kirimoti cha kuingizia namba, mwenye nyumba kakiacha na betri zimevuja. Baba watoto katoka na mvua yake kwenda dukani kutafuta betri. Nikanunua umeme wa 20,000, uniti zilizokuja hata hazifanani na elfu ishirini. Kumbe ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500, na nyumba ikikaa bila mtu kununua umeme ile miezi inajikusanya tu, anayekuja kununua wa kwanza anakatwa yote kwa mpigo. Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, sio ya mpangaji. Nikatuma meseji ya manunuzi kwa baba mwenye nyumba, ni mzee mstaarabu, akasema mwanangu tutaitoa kwenye kodi inayofuata, ila sio kila mwenye nyumba atakujibu hivo. Kabla hujasaini muulize mita imekaa muda gani bila umeme, na kirimoti ukipokee mkononi kinawaka.

Vijana wa kampuni hawakuondoka. Hii naomba ieleweke, muda wao ulishaisha saa nyingi, dereva wa Fuso kashaondoka, wangeweza kusema sisi kazi yetu imeishia barabarani. Walifunga vitanda kwa tochi za simu, cha watoto kikaanza ili walale. Kochi la watu watatu likagoma kupita mlangoni kwa sababu ya grili, mlango wa mbao unafunguka ndani, grili inafunguka nje, nafasi inayobaki ni ndogo. Kirikuu wanasema tulikate miguu. Fundi kalipima kwa utepe, kapima mlango, kagonga bawaba za grili kwa nyundo kaing'oa nzima nzima, kochi likaingia kwa kusimama, grili ikarudi, na kabla ya kuondoka kaijaribu kufuli. Miguu ya kochi ipo.

Kilichovunjika ni kioo cha dresing tebo. Kilifungwa vizuri, blanketi na boksi, ila kwenye ile kushusha barabarani na kupakia tena kirikuu mtu kakiegemeza kwenye tairi la guta, guta likasogea. Ukisoma karatasi yao imeandikwa kampuni haihusiki na vitu ambavyo haikuvifunga yenyewe. Hiki walikifunga wao, na kisingeguswa mara ya pili kama Canter ingekuja. Fundi wa vioo Mwenge kanipigia hesabu ya 65,000 kukata na kufunga. Bosi akasema atatoa 20,000 kama ubinadamu. Nikamjibu siombi ubinadamu, nadai kioo, na nikamrudishia ile ile meseji ya Canter. Nimemfuata kwa simu mpaka kachoka, mwisho 65,000 imeingia, bila samahani, bila neno. Hapo ndo nyota moja ya ofisi ilipotoka, sio kwa sababu ya kioo, vitu vinavunjika, ila mteja asikimbizwe kwa haki yake mpaka aonekane msumbufu.

Boksi la WATOTO SHULE lilibaki kwa mama wa genge, ndani ndo yunifomu za Jumatatu. Kaliona wakati anafunga biashara, kasoma ubavuni, kamtuma kijana wake alilete nyumbani usiku ule ule.

Kwahiyo mnaouliza kama inastahili. Kama una vitu vichache, chumba na sebule, na kule unakokwenda gari linafika mlangoni, kirikuu inatosha, funga vyombo mwenyewe hivyo nilivyoeleza, sahani zisimame, maandishi ubavuni. Kama una vioo, oveni, friji la biashara, watoto wadogo, basi lipa watu wa kufunga, usijiulize mara mbili. Ila gari usiwaachie. Mwambie aje mtu wao aone nyumba zote mbili kwa macho, akikataa ujue hata video hawataangalia. Aina ya gari iandikwe kwenye karatasi, na iandikwe kwamba likija jingine lisiloingia gharama ni ya kwao. Kama unahamia Goba, Madale, Kimara za ndani huko, kokote kwenye mlima na kalavati, hata waseme nini Fuso mwambie irudi kabla hujapakia kijiko. Mwisho wa mwezi na Jumamosi kama unaweza kukwepa kwepa, mikataba ya watu wengi inaishia hapo na magari yanagombaniwa.

Kampuni yenyewe kwa jinsi ilivyo sasa siirudii. Ila yule fundi na wenzake kumbe siku ambazo ofisi haina kazi wanafunga vitu kwa watu wanaowaita moja kwa moja, unawalipa wao, gari unatafuta wewe. Dada yangu anahama Tabata mwezi ujao nimeshamuunganisha nao, wamekubaliana 150,000 kufunga na kufungua, na wamesema wataenda kuiona nyumba kwanza. Mwenye shida aniandikie, nitamuomba fundi ruhusa nimpe namba, katikati ya wiki ndo wanakuwa na nafasi.